Buti za mtumba namba 39, zilizomaliza mgambo pamoja nami

Wiki iliyopita binti wa jirani alikuja kibandani kwangu, akaagiza chai ya rangi na chapati mbili, akala, akafuta mikono, ndipo akatoa kilichomleta. "Dada, nimejiandikisha mgambo. Buti nichukue wapi?" Ni wa nne kuniuliza mwaka huu. Basi naandika mara moja, kila mwenye swali asome, mimi nirudi kwenye unga wangu.

Mimi ni mama lishe hapa Moshi mjini, kibanda changu si mbali na stendi. Mafunzo ya Jeshi la Akiba, ndio mgambo wenyewe, niliyapitia mwaka 2022 nikiwa na miaka 33, watoto wawili, na magoti ambayo hayajaruka kichurachura tangu shule ya msingi. Buti ninazozitolea hukumu hapa ni nyeusi, za ngozi, zinapanda juu ya kifundo kwa vidole vinne, matundu tisa ya kamba kila upande, soli nene ya mpira yenye meno. Jina la kampuni lilishafutika kwenye ulimi kabla hazijanifikia. Imebaki namba, 39, na ndani ya buti ya kushoto mtu aliandika herufi mbili kwa wino. Huyo mtu simjui, ila alikuwa na mguu mpana kama wangu, Mungu ambariki huko aliko.

Nianze na kosa langu, maana ndilo litakalowaokolea hela. Kosa langu lilikuwa kununua mpya.

Niliingia duka moja la mjini, nikatoa 35,000, nikapewa jozi inayong'aa mpaka unaona meno yako. Muuzaji akazigonga kwa kiganja: "Hizi mama, utakuja kumrithisha mwanao." Siku ya tisa ya mafunzo, tuko kwenye "nyuma geuka", mimi nikageuka na soli ya kulia ikakataa. Ikabaki pale pale inatazama tulikotoka. Afande akaja taratibu, akaiangalia, akaniangalia. "Kuruta, nusu ya jeshi lako imeasi." Kundi zima lilicheka, na kundi zima likaruka kichurachura kwa kosa la kucheka kwenye mstari. Niliporudi dukani na soli mkononi niliambiwa buti zile ni za kutembelea, hazikutengenezwa kwa kwata. Ningeambiwa siku ya kulipa.

Kwata haina mchezo na kiatu. Watu wanadhani ni kutembea kwa maringo. Kila "mguu sawa" ni kisigino kimoja kinapigwa chini kwa nguvu, na unapiga mara mia mbili, mia tatu kwa asubuhi moja, kwenye uwanja wa shule uliokauka kama tofali. Soli iliyobandikwa kwa gundi peke yake haiwezi kuvumilia hilo. Joto la ardhi linalainisha gundi, kisigino kinavuta upande huu, kidole kinasukuma upande ule, siku ya tisa kiatu kinaanza kucheka, kimeachia mdomo wazi. Kwa hiyo kabla hujauliza bei, pindua buti utafute uzi. Soli iliyoshonwa utaona uzi umezunguka ukingo mzima. Na usikubali haraka: siku hizi kuna soli zimechorwa mfano wa uzi kwenye mpira wenyewe. Kwaruza kwa ukucha. Uzi wa kweli utaushika, mchoro utateleza.

Siku yetu ya mapumziko nikaenda Memorial. Kwa msomaji asiye wa Moshi, Memorial ni soko la mitumba ambalo ukiingia kutafuta soksi unatoka na pazia. Nilizunguka meza nne za viatu. Nyingine ni buti nzuri za macho tu: soli imekaa stoo miaka na miaka, mpira umekufa, ukiubana kwa kidole gumba unamung'unyuka kama biskuti. Hiyo ndiyo hatari ya mtumba, na haionekani ukiitazama kwa juu. Ikunje buti katikati mbele ya muuzaji, kidole kielekee kisigino. Akipiga kelele, mwachie buti yake.

Hizi zangu nilizikunja na kijana akanyamaza. Nikaingiza mkono ndani hadi vidoleni kutafuta msumari au mshono uliovimba, nikanusa (mtanisamehe, ila kiatu chenye ukungu hakitoki harufu hata ukikifulia Krismasi). Akaanza 50,000. "Dada, mzigo wa Ulaya huu." Nikamwambia mzigo wa Ulaya nitaubeba mwenyewe kwenda Kahe kwa mguu. Tukaanzia hapo, tukaishia 28,000 na jozi ya soksi nzito juu.

Tahadhari moja, na hii si ya utani. Nunua buti nyeusi za kawaida, za kazi. Usivutwe na chochote chenye mabaka au kinachofanana na cha jeshi, hata mkoba. Agosti 2023 JWTZ, jeshi letu la Tanzania, ilitoa tangazo na kuwapa raia siku 7 kusalimisha mavazi yanayofanana na sare zake, na kuna watu walikuwa wanayavaa kwa urembo tu. Mgambo wakati wa mafunzo utaelekezwa uvae nini. Duka la mtumba si mahali pa kujipa cheo.

Sasa kazi zenyewe zilizofanywa na buti hizi.

Mafunzo yetu yalikuwa ya wiki 16. Tunaanza alfajiri kwa mchakamchaka na nyimbo, kisha kwata, kisha tunakaa chini ya mti kwa darasa: usomaji wa ramani, mbinu za kivita, ujanja wa porini, uhandisi wa medani, silaha, huduma ya kwanza, kuzima moto, watu wa kuzuia rushwa wanakuja na yao, uhamiaji na yao, polisi wanatufundisha namna ya kumkamata mtu bila kumvunja mkono. Mshauri wa mgambo wa wilaya, ambaye ni askari wa JWTZ, ndiye anayesimamia. Mchana wengine wanakwenda shamba, wengine bodaboda, mimi narudi kibandani kumpokea mdogo wangu aliyeamka na chapati. Posho hakuna. Hilo mlijue kabla hamjajaza fomu.

Wiki ya kwanza zilinichubua. Nisidanganye. Ngozi ya nyuma ya kisigino ilikuwa ngumu na malengelenge yalitoka mawili kila mguu. Mjomba wangu ndiye aliyenipa dawa. Sabuni ya mche kavu, unaisugua ndani ya buti pale panapochubua, halafu soksi mbili, nyembamba ndani, nzito nje, ili soksi zisuguane zenyewe na mguu ubaki salama. Siku ya nne nilikuwa natembea kama mtu.

Mjomba ana haki ya kusema kuhusu buti. Mwaka 1978 alikuwa mgambo wa kijiji, huko juu kwenye kahawa. Mgambo wa wakati ule walikuwa wengi kila kijiji, maana Mwongozo wa TANU, chama tawala cha wakati huo, wa 1971, ulioandikwa wiki chache baada ya Amin kumpindua Obote huko Uganda, ulisema wazi kwamba ulinzi wa nchi usiachiwe jeshi peke yake, wananchi wafundishwe. Watu wakapiga kwata na bunduki za miti wakidhani ni mambo ya sherehe. Kisha mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yakaingia Kagera, na tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akatangaza redioni kwamba sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo, uwezo tunao. Mjomba anasema alipolisikia neno "uwezo" aliangalia miguu yake. Alikuwa amevaa makatambuga.

Alipewa buti kambini. Yeye ni namba 41, alipewa 44, za 41 zimekwisha. Akajaza majani makavu ya mgomba mbele na nyuma, na kwa majani hayo alitembea. Neno ni hilo, alitembea: Mutukula, Masaka, tope la Lukaya, hadi Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979. Majani akiyabadilisha kila alipoona mgomba, na Uganda, kama mjuavyo, migomba haikosekani. Kinachomchekesha mpaka leo ni kwamba tarehe 24 hadi 26 Machi mwaka huo, wakati yeye anaikaribia Kampala, Waganda waliokuwa uhamishoni walikuwa wamekusanyika hapa hapa Moshi kupanga serikali itakayofuata, ndipo wakamchagua Yusuf Lule. "Wao kwetu, mimi kwao," anasema, "na buti za kubadilishana hakuna." Vidole vyake viwili vya mguu wa kushoto vimelala juu ya wenzao hadi leo. Alizishika buti zangu, akazigeuza, akabonyeza soli, akasema tu, "Hizi zina mama na baba." Kwa mjomba hiyo ni sifa kubwa, ng'ombe wake hajawahi kumsifu hivyo.

Wiki ya 14 mlima wetu, Kilimanjaro, ukawaka.

Ilikuwa Oktoba 2022. Moto ulianzia upande wa kambi ya Karanga, na usiku kutoka mjini tuliona mstari mwekundu juu kule, umelala kama kamba ya moto mtu ameitupa mlimani. Sisi asubuhi tunapiga kwata uwanjani, moshi unaonekana, kila mtu anageuza shingo, afande anatupigia kelele tutazame mbele. Kaka yangu, ambaye ni mpagazi, alipanda kwenye moto wa 2020, ule uliounguza karibu kilomita za mraba 95. Walipanda mamia: watu wa hifadhi za taifa, TANAPA, zimamoto, wanafunzi wa Chuo cha Mweka, wapagazi, wanakijiji. Wengi walipigana na moto kwa matawi mabichi na majembe. Alivaa raba. Anasema kule juu moto haufi, unajificha kwenye mizizi na majani yaliyooza, unatembea chini ya miguu yako, unakanyaga majivu unayodhani yamepoa na soli inanata. Alirudi na raba ya kushoto imekuwa nyembamba kama sahani.

Mwaka 2022 walipelekwa hata wanajeshi kusaidia. Sisi kundi letu hatukuitwa, na sisemi tungeitwa, hatukuwa tumehitimu. Ila nilikaa na jambo hili kichwani siku nzima. Kwata tulipiga karibu kila siku ya Mungu. Kuzima moto tulifundishwa siku moja, huduma ya kwanza siku mbili, kamba na kuvuka maji nusu siku. Bunduki nimeishika, shabaha nimepiga, nikapata vizuri kuliko wanaume sita, na natumaini sitapiga tena. Lakini hiyo nusu siku ya kamba ndiyo niliyokuja kuitumia.

Kabla ya hapo ngoja niseme habari ya Katesh, kwa sababu inahusu buti. Tarehe 3 Desemba 2023 tope la Mlima Hanang liliposhuka na kuua watu zaidi ya 80, askari wa jeshi, JKT, polisi na raia walichimba siku nyingi. Jamaa yangu wa Babati aliyekwenda kusaidia alivaa buti za mvua, zile ndefu za mpira. Akaniambia kwenye simu kwamba tope lile linazinyonya: unavuta mguu, mguu unakuja, buti inabaki. Mwisho akazifunga kwa kamba ya katani chini ya goti. Kwa hiyo ukiulizwa buti ya mvua au ya kamba, kwa maji yaliyosimama chukua ya mvua. Kwa tope linalovuta, chukua ya kamba.

Aprili 2024 sasa. Mvua zile kila mtu anazikumbuka, mito yote ya tambarare ilijaa. Mimi naishi upande wa chini, sitaji mtaa, ila Mto Rau ukikohoa sisi tunasikia. Saa tisa usiku mwenyekiti wa mtaa alipita anagonga mabati kwa mchi, anaita kwa kazi: "Mgambo wote nje! Mgambo wote nje!" Tulitoka sita. Zimamoto tulishawapigia, 114, na usiku ule walikuwa wanaitwa kila kona ya mji. Basi tukaanza na tulichonacho.

Tulichonacho kilikuwa kamba ya nailoni ya mwenye lori, miti miwili ya kupimia, tochi za simu, na buti. Kati yetu sita, wanne tulivaa buti, mmoja malapa, mmoja miguu mitupu.

Ng'ambo ya mfereji, ambao usiku ule haukuwa mfereji tena, kulikuwa na nyumba ya bibi anayeishi peke yake. Maji kwenye uchochoro yalifika juu kidogo ya goti langu, lakini yalikuwa yanakimbia. Maji ya goti yanayokimbia ni mazito kuliko ya kifua yaliyotulia. Kijana mmoja wetu alishaanza kujifunga kamba kiunoni, ajitose kishujaa. Nilimshika mkono. Tulifundishwa hivi: kamba shika, usijifunge, maana ukianguka umejifunga, maji yanakuzamisha na kamba inakushikilia humo humo chini. Akanikasirikia, akasema mimi ni mpika chapati. Nikamwambia ndiyo, na wewe afande alikufundisha chini ya mti ule ule alionifundishia mimi. Akafungua fundo.

Tukafunga kamba kwenye mwembe huku, mrefu wetu akavuka nayo akaifunga kwenye nguzo ya jikoni kule. Tukavuka wanne, uso tumeuelekeza maji yanakotoka, upandeupande kama kaa, mti mbele unapima, mguu hauinuliwi, unaburuzwa. Hapo ndipo buti zilipolipa 28,000 zangu. Chini ya maji yale kulikuwa na kila kitu: mabati yaliyong'oka, seng'enge, chupa, tofali za choo. Nilikanyaga bati lenye msumari. Nilisikia msumari unasukuma soli, unatafuta njia, kisha ukajikunja. Asubuhi niliuona umelala kwenye meno ya soli, umepinda kama herufi. Mwenzetu wa malapa alichanwa mguu katika hatua ya tatu, tukamrudisha akashike kamba upande wa nchi kavu.

Bibi tulimkuta juu ya kitanda, kitanda juu ya matofali, jogoo kwapani, ametulia. Mimi natweta: "Bibi njoo, shika shingo yangu, twende!" Akanitazama kwa mwanga wa simu. "Husalimii?"

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Haya, sasa twende."

Mrefu akambeba mgongoni, mimi mbele na mti, wawili nyuma wamemkamata kiuno. Jogoo alibaki kwapani mwa bibi njia nzima na alikuwa mtulivu kuliko sisi. Katikati ya uchochoro kamba ya buti yangu ya kushoto, ile niliyokuwa naizungusha kifundoni kwa sababu ni ndefu, ikanasa kwenye seng'enge. Nilisimama. Nyuma wanasukuma, maji yanasukuma, na mguu umefungwa. Nilivuta mara moja, mara mbili, ya tatu ikakatika. Muda wote huo haukuzidi dakika nusu, na nauota bado.

Hiyo ndiyo kasoro ya kwanza ya buti hizi, na kwa haki ni kasoro yangu: kamba ndefu za pamba. Kasoro ya pili ni yao wenyewe. Hazina tundu la kutolea maji. Buti nyingine za namna hii zina vitundu viwili pembeni karibu na unyayo, hizi hazina, kwa hiyo maji yakiingia kwa juu yanakaa humo humo na kila mguu unakuwa umebeba lita yake. Nimefikiria kumpelekea fundi atoboe, nikaogopa ataharibu mshono. Mwenye uzoefu aniambie.

Kuzikausha kulinichukua siku tano. Usiziweke jikoni karibu na moto, ngozi itakakamaa na kupasuka pale kidole kinapokunja. Toa soli ya ndani, jaza magazeti, badilisha magazeti asubuhi na jioni, weka kivulini penye upepo. Zikikauka, paka mafuta kidogo kabla ya rangi. Mimi nilitumia mafuta ya ng'ombe. Paka wa jirani alizifuata wiki nzima.

Fundi wangu wa Mbuyuni ameshazishona mara mbili, mara zote mbili ukingo wa kidole, shilingi 5,000 kila mara kwa uzi wa nailoni. Kisigino kimeisha upande wa nje, kwa sababu ndivyo ninavyotembea, nimekibadilisha kwa 4,000. Jumla hadi leo ni 42,000, ukiondoa rangi na kamba. Jozi ile mpya ya siku tisa ilinigharimu karibu 3,900 kwa siku. Pigeni hesabu wenyewe.

Mwezi wa tisa mwaka jana alikaa kibandani mgeni wa Kimarekani, kashuka mlimani, anasubiri basi la Arusha, macho yake kwenye miguu yangu. Kijana wa hoteli aliyemsindikiza akatafsiri. Kumbe kwao naye ni kama mimi: kazi yake fundi bomba, lakini yumo kwenye National Guard, wikiendi moja kwa mwezi na wiki mbili kwa mwaka. Kukiwa na mafuriko gavana wa jimbo anawaita, kukiwa na vita rais anawaita. Akanieleza kimbunga cha Katrina cha 2005, walivyokusanywa zaidi ya 50,000 kutoka majimbo mbalimbali. Nikamuuliza analipwa? Analipwa kila siku ya mazoezi, na sheria inamlazimu mwajiri amtunzie kazi yake akiitwa. Nikamuuliza buti? Anapewa. Nikamwongezea chapati, maana nilikosa la kusema. Mimi usiku ule wa mafuriko niliporudi nyumbani saa mbili asubuhi, chapati za siku hiyo hazikupikwa na hakuna sheria iliyonitunzia wateja.

Tena kuna wateja nilishawapoteza kabla ya mvua. Wenzangu wa vibanda walipojua nakwenda mgambo, wawili waliacha kuniazima hata sufuria. Nawaelewa. Kwa mama lishe neno mgambo maana yake ni meza iliyopinduliwa na supu inayotiririka mtaroni. Mimi mwenyewe yalinikuta, katika mji mwingine niliouzia kabla sijarudi Moshi: vijana watano, buti kama hizi hizi, mmoja alikanyaga chujio langu la chai akiniangalia machoni. Wengi wa vijana wale wamepita uwanja kama niliopita mimi na kufundishwa chini ya mti kama niliofundishiwa mimi. Nusu siku ya kamba walifundishwa pia, ila kazi waliyoipata haikuhitaji kamba. Siku ya bibi na jogoo, mmoja wa wale wawili walioninunia alikuwa amesimama nchi kavu na blanketi. Alimpokea bibi, akamfunga, halafu akainama akaniangalia buti. Sufuria tunaazimana tena sasa, ingawa bado haniiti mgambo. Ananiita "yule wa buti".

Nyota nazipa nne kwa tano. Ile ya tano imeondoka na vitundu vya maji. Kamba nimeshabadilisha, nimeweka za nailoni fupi, jozi 1,000, na mjomba amenionyesha namna ya kuzichomeka ncha ndani ya buti zisininginie. Alisema alijifunza hilo Lukaya, akakataa kusema alijifunzaje.

Binti wa jirani anavaa 38. Nimempigia kijana wa Memorial, anayo jozi moja, anasema ya kushoto ina kidonda karibu na kisigino lakini soli ni nzima. Nimemwambia aiweke pembeni hadi Jumamosi, tutakuja kuikunja wenyewe.